Swichi Isiyo na Upande Ulionyooka

Swichi ya reli ambayo wengi wameizoea ina upande mmoja ulionyooka na mwingine unaochepuka. Hata mtoto akiitazama atasema ipi ni njia yenyewe na ipi ni tawi. Swichi ya kona haitoi jibu hilo. Njia zake zote mbili zinapinda, mara nyingi kuelekea upande uleule, moja kwa mpindo mpana na nyingine kwa mpindo uliobana. Treni ikishaingia humo itapinda, hakuna namna nyingine; kilichobaki ni kujua itapinda kiasi gani na itatokea wapi.

Waundaji wa reli za mfano huinunua swichi hii kwa sababu ya ufinyu wa chumba. Ila ina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi lake: inafichua dhana moja iliyojificha ndani ya mjadala mkubwa wa maadili wa karne iliyopita. Mjadala huo nao ulijengwa juu ya reli, na swichi yake karibu kila mara imechorwa ikiwa na upande ulionyooka.

Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot, wa Chuo cha Somerville huko Oxford, alichapisha makala kuhusu utoaji mimba na kanuni ya matokeo mawili. Kanuni yenyewe ni ya kale; mizizi yake hutafutwa kwa Thomas Aquinas, katika maelezo yake ya karne ya 13 kuhusu mtu anayeua akijitetea. Inatenganisha ubaya ambao mtu ameukusudia na ubaya anaouona tu ukija pamoja na jambo alilolikusudia. Foot alitaka kuipima kanuni hiyo, na katika kuipima akaleta mfano wa dereva wa tramu inayokimbia bila kuzuilika. Dereva anachoweza ni kuielekeza kutoka reli moja kwenda nyingine tu. Kwenye reli moja kuna wafanyakazi watano, kwenye nyingine yupo mmoja, na yeyote atakayekutwa na tramu atakufa.

Foot hakuona ugumu katika jibu: dereva aelekee kwa mmoja. Kilichomsumbua ni kwa nini hakimu haruhusiwi kumnyonga mtu asiye na hatia ili kutuliza ghasia zitakazoua watano, ilhali hesabu ni ileile. Jibu lake liliegemea tofauti kati ya wajibu wa kutodhuru na wajibu wa kusaidia. Hakimu angevunja wajibu wa kutodhuru ili atimize ule wa kusaidia. Dereva yuko mahali pengine kabisa: tramu ni yake, na kokote aendako atakuwa amedhuru, kwa hiyo achague dhara dogo. Katika mfano huo wa mwanzo hakuna mtu aliyesimama pembeni.

Aliyemweka mtu pembeni ni Judith Jarvis Thomson, profesa wa MIT, Marekani. Mwaka 1976 alimwondoa dereva na kumkabidhi abiria uamuzi. Mwaka 1985 akampeleka mpita njia kando ya reli, mkono wa swichi ukiwa jirani yake. Tangu hapo mchoro umebaki uleule katika vitabu na madarasa: reli iliyonyooka inaelekea kwa watano, tawi linachepuka kuelekea kwa mmoja, na mtu asiyehusika anajiuliza aguse au asiguse. Wanasheria wa Ujerumani walikuwa wamelifikia swali hili mapema zaidi. Karl Engisch aliandika juu ya mshika swichi mwaka 1930, na mwaka 1951 Hans Welzel akasimulia treni ya mizigo inayoporomoka mlimani kuelekea treni ya abiria, huku mtu wa reli akiigeuzia njia ya pembeni penye vibarua. Wajerumani hao walimpa uamuzi mtu wa kazi hiyo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Mwaka 2009 wanafalsafa wa vyuo vikuu waliulizwa katika kura ya maoni wangefanya nini mahali pa mpita njia. Takriban 68 katika kila 100 walisema wangegeuza swichi au walielekea huko. Wasiozidi 8 walisema wangeiacha. Waliobaki hawakuchagua upande. Kuna jambo ambalo kura ile haikugusa: mchoro wenyewe umeshamsaidia anayetaka kujitenga. Mstari ulionyooka unamwambia kwamba mambo yana mwendo wake wa asili, mwendo ambao hakuupanga mtu, na kwamba uamuzi unaanza pale tu mkono unapogusa chuma. Mstari huo hauthibitishi chochote. Lakini macho yanaukubali kabla akili haijauliza.

Sasa mchoro ule uletwe mezani, kwenye reli ya mfano.

Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni HO, ambamo kila kitu hupunguzwa mara 87 na reli mbili huachana kwa milimita 16.5. Ufinyu unaanza hapo. Kona ya reli ya kweli yenye nusu kipenyo cha mita 175, ambayo reli za milimani Marekani huihesabu kuwa kali, ikipunguzwa mara 87 bado inadai mita 2. Treni ikitaka kuzunguka na kurudi ilikotoka, meza inahitaji upana wa mita 4. Wenye chumba kama hicho ni wachache. Waundaji wengi hukubali nusu kipenyo cha sentimeta 60 hadi 90, yaani kona ambazo treni ya kweli ya njia kuu isingethubutu kuzikaribia.

Ukuta wa mita 4 unaeleza mengine. Kona mbili za sentimeta 75, moja kila mwisho, zinaacha mita 2.5 za reli iliyonyooka. Hapo ndipo mwenye meza anataka treni mbili zipishane. Akitumia swichi za kawaida, kila moja pamoja na reli ya kuziweka njia mbili sambamba itakula zaidi ya sentimeta 30, na mahali pa kupishania patabaki pafupi kuliko mita 2. Kichwa cha treni na mabehewa 12 ya futi 40 hudai kama mita 2 na sentimeta 6. Treni haitoshei. Akiziingiza swichi ndani ya kona zenyewe, zile mita 2.5 zinarudi zote, na treni inatosha na nafasi inabaki. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya swichi ya kona, na ni sababu nzuri.

Bei yake hulipwa upande wa ndani. Kampuni ya Peco ya Uingereza, kwa mfano, huuza swichi ya kona ambayo njia yake ya nje imetajwa kuwa na nusu kipenyo cha milimita 1,524 na ya ndani milimita 762, nusu kamili. Anayenunua kwa kutazama namba ya kwanza atajuta kwa ile ya pili, kwa sababu treni yake ndefu kuliko zote siku moja itapitishwa ndani. Behewa la abiria la futi 85 huwa na sentimeta 30 hivi kwenye kipimo cha HO, na kwenye kona iliyobana katikati yake huingia ndani ya mpindo huku ncha zake zikitoka nje, hata likagusana na treni ya njia ya pili. Vichwa vya mvuke vyenye magurudumu makubwa matano kila upande, yaliyofungwa pamoja bila kupinda, ndivyo vya kwanza kuacha reli. Namba ya kwenye boksi nayo ni ya jumla tu: sehemu fupi karibu na pale reli mbili zinapokatizana inaweza kubana zaidi ya ilivyoandikwa. Wazoefu hupima wenyewe kwa kigezo cha plaiwudi walichokikata kwa mpindo wanaoutaka.

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani imefuata njia nyingine. Katika reli zake za aina ya C kuna swichi ya kona ambayo njia zake mbili zina nusu kipenyo kilekile, milimita 360. Moja huchelewa tu kuanza kupinda kwa milimita 77.5. Mtu akiulizwa ipi kati ya hizo ndiyo njia kuu, umbo halimsaidii hata kidogo. Zote mbili zinapinda sawasawa.

Kuiweka mezani kunahitaji subira. Ubao wa chini uwe bapa, kwa maana msokoto mdogo ambao swichi ya kawaida ingeuvumilia hunyanyua gurudumu moja kwenye kona, na gurudumu lililonyanyuka hupanda juu ya ncha ya ulimi, ile reli fupi iliyochongwa ambayo ndiyo husogea. Hatari iko hasa treni inapoingia ikizielekea ncha za ndimi, maana ikitokea upande wa pili magurudumu huzipita ncha hizo kwa nyuma. Jaribio zuri ni kusukuma mabehewa marefu kinyumenyume, polepole, kwa njia zote mbili, kabla kokoto hazijagandishwa kwa gundi. Umeme nao uangaliwe: pale reli zinapokatizana kipande cha chuma hutumiwa na njia zote mbili, na kama hakibadilishiwi umeme kulingana na njia iliyofunguliwa, kichwa kifupi kitazimikia hapo au kutatokea shoti.

Wahandisi wa reli za kweli wana shida ambayo mezani haionekani sana. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa kidogo ili treni isisukumwe nje na mwendo wake. Swichi ikiwa na njia zinazopinda pande mbili tofauti, reli ya nje ya njia moja ndiyo ya ndani ya nyingine. Ukiiinua kumsaidia msafiri wa huku, umemwegemeza vibaya wa kule. Hakuna namna ya kuiinua isiyompendelea mmoja. Mhandisi huchagua njia ipi ipewe mwinuko, kisha nyingine hupunguziwa kasi. Uamuzi huo hufanyika ofisini, miaka mingi kabla ya treni, na anayepita juu yake hauoni.

Kuna uamuzi mwingine usioonekana, nao ndio unaogusa falsafa moja kwa moja. Reli nyingi hutaja hali mbili za swichi: hali ya kawaida na hali iliyogeuzwa. Mtu anaweza kudhani hali ya kawaida ni ile iliyonyooka, na mara nyingi huwa hivyo. Lakini kinachoifanya iwe ya kawaida ni kanuni iliyoandikwa na wenye reli. Kwenye swichi ya kona jambo hili liko wazi, kwa sababu hakuna umbo la kuegemea. Mtu lazima akae chini na kuandika. Muundaji wa reli ya mfano anayetumia kompyuta kuendesha meza yake hukutana na sharti hilohilo: kila swichi ipewe hali mbili, na ni yeye atakayesema ipi iitwe ya kawaida. Mashine haina maoni.

Mpita njia wa Thomson akisimamishwa kando ya swichi ya kona, tramu inakuja, ndimi zimelazwa upande wa watano, na hakuna mstari ulionyooka wa kumliwaza. Swali la kwanza linalomjia halihusu tena kugusa au kutogusa. Anauliza: nani amezilaza ndimi hivi? Watano wamo hatarini kwa sababu ya mkono fulani uliofika pale kabla yake. Mchoro wa vitabuni unamfuta mtu huyo, kisha unamwachia mzigo wote yule aliyefika mwisho.

Mtu makini atapinga, na ana haki. Atasema kwamba hata kwenye swichi ya kona kuna hali iliyokutwa, na kwamba kuibadilisha ni tendo wakati kuiacha si tendo. Kupinda kwa reli hakuwezi kufuta tofauti hiyo. Ni kweli. Swichi ya kona haifuti tofauti kati ya kutenda na kuacha. Inachofanya ni kuinyima kimbilio lake katika maumbile. Tofauti hiyo haisomwi kwenye umbo la dunia. Inasomwa kwenye zamu, ahadi na kazi, yaani nani alikabidhiwa nini. Kwa mpita njia, kuacha kunaweza kuwa kuacha kweli. Kwa mtu wa Welzel aliyeajiriwa kushika swichi, kuacha ni namna yake mojawapo ya kufanya kazi, vizuri au vibaya.

Graniteville, mji mdogo wa South Carolina, ulilipia jambo hili kwa maisha ya watu. Jioni ya tarehe 5 Januari 2005 wafanyakazi wa treni ya eneo hilo waliegesha mabehewa kwenye njia ya pembeni ya kiwanda cha nguo, wakamaliza zamu na kuondoka. Swichi ya njia kuu waliiacha imefunguliwa kuelekea pembeni. Eneo lile halikuwa na taa za ishara za kumwonya dereva. Kabla ya saa tisa usiku treni nyingine ya mizigo ilifika kwa kasi ya kilometa 76 hivi kwa saa, ikaingia njia ya pembeni na kuigonga treni iliyoegeshwa. Tangi la klorini lilitoboka. Watu 9 walikufa, dereva akiwa mmoja wao, na takriban 5,400 waliondolewa makwao. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa wafanyakazi wa treni ya kwanza kutoirudisha swichi katika hali yake ya kawaida.

Hakuna aliyegeuza kitu usiku ule. Tangu walipoondoka hadi mgongano, swichi ilikaa tu. Kama kuacha kungekuwa ni kutotenda, basi vifo vile visingekuwa na mtendaji, na hakuna anayeweza kuwaambia hivyo waliofiwa. Dereva wa treni ya pili kwa upande wake alikuwa akiendelea na safari kama kawaida, na kuendelea kwake ndiko kulikompeleka kwenye mabehewa yale.

Dini zinazojulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili zinatambua pia kwamba kuacha kuna mtendaji. Katika toba ya pamoja mwanzoni mwa Misa, Mkatoliki haishii kwenye mawazo, maneno na matendo; hukiri pia wajibu alioupitia bila kuutimiza. Katika Injili ya Luka, kuhani na Mlawi waliompita majeruhi barabarani hawakumpiga wala kumwibia. Walipita upande wa pili, na simulizi nzima inawahesabia kupita huko. Fikihi ya Kiislamu ina faradhi ya kifaya, ambayo watu wachache wakiitekeleza jamii yote imetosheka, kama kumwosha na kumzika maiti. Ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote walioweza. Hapo kuacha kumegawanywa kwa wengi bila kupungua kwa yeyote. Wafanyakazi wa Graniteville walikuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja angeweza kudhani mwenzake amekwisha kuirudisha swichi.

Mwislamu husoma Al-Fatiha katika kila rakaa, na rakaa za faradhi kwa siku ni 17. Mara hizo zote anaomba kuongozwa kwenye njia iliyonyooka. Ombi hilo lisingekuwa na maana kama kunyooka kungekuwa ndiko mtu anakoangukia asipofanya kitu. Linachukulia kinyume chake: kwamba mtu aliyeachwa alivyo hupinda, na kwamba unyoofu hutafutwa upya asubuhi, mchana na usiku. Mchoro wa wanafalsafa umeuweka unyoofu mahali pa uzembe. Sala inauweka mahali pa juhudi, na sala iko karibu zaidi na reli ilivyo.

Thomson mwenyewe hakuridhika na alichokianzisha. Mwaka 2008, zaidi ya miaka 20 tangu amsimamishe mpita njia wake kando ya swichi, alichapisha makala ya kubadili msimamo: mpita njia hana ruhusa ya kumgeuzia tramu yule mmoja, kwa sababu anamlazimisha mwingine alipe gharama ambayo yeye mwenyewe huenda asingekubali kuilipa. Wengi hawakufuatana naye. Katika kura ya 2020 wanafalsafa wa kugeuza walikuwa bado 63 hivi katika 100, ingawa waliosema aiache walikuwa wamefika 13. Kwa mgeni anayepita, huenda Thomson yuko sawa. Hoja yake haimwokoi mshika swichi, na matatizo mengi ya kweli ya zama hizi, ya daktari wa zamu, ya mhandisi wa bwawa, ya anayeandika programu ya gari lisilo na dereva, ni ya mshika swichi.

Oktoba 2005, miezi tisa baada ya Graniteville, serikali ya Marekani ilitoa amri ya dharura kuhusu swichi za njia kuu zinazogeuzwa kwa mkono mahali pasipo na taa za ishara. Wafanyakazi walitakiwa kujaza fomu ya hali ya swichi na kuthibitishiana kwa kauli kabla ya kuachia njia. Klabu za reli za mfano zinazoendesha treni kwa ratiba hufuata desturi ya jamaa hiyo: aliyegeuza swichi ndiye anayeirudisha, na anasema kwa sauti kwamba ameirudisha. Kwenye ubao wa kuendeshea, baadhi ya waundaji huweka taa moja tu kwa kila swichi, inayowaka ikiwa imegeuzwa na kuzimika ikiwa katika hali ya kawaida. Kwa swichi ya kona ni afadhali taa mbili, moja kwa kila njia, ili balbu iliyoungua isisomwe kama habari njema na mwendeshaji atazame njia ipi imefunguliwa kabla hajaruhusu treni.